Namna ya Kumaliza Mkeka Katika Nyumba Yenye Watu

Mkeka mzuri unataka vitu vitatu: ukindu, vidole na utulivu. Hapa kwetu Mbwera, katika delta ya Rufiji, viwili vya mwanzo havitusumbui. Cha tatu ndicho kilichozaa mwongozo huu, kwa sababu nyumba ya delta ya Rufiji haina utulivu wa kumgawia mtu. Kuna watoto, kuna kuku, kuna mgeni aliyeshuka na boti ya asubuhi, kuna shemeji anayeuliza kama chai ipo, na kuna maji yanayojaa na kupwa bila kumngoja mtu amalize mstari wake.

Msimu wenyewe ni kipupwe. Masika yamepita, kusi inavuma, na alfajiri inataka kanga mbili za kujitanda. Mpunga umevunwa. Wanawake waliokaa madunguni, vile vibanda vya juu ya nguzo katikati ya mashamba, wakifukuza ndege mchana na nguruwe usiku, wamerudi kijijini. Mikono iliyoshika kisu cha kuvunia sasa inashika ukili, ule mshipi wa ukindu uliosukwa ambao huunganishwa kuwa mkeka. Hapa ndipo inapotoka mikeka ya mwaka mzima: wa kulalia, wa kumtandikia mgeni, msala wa kuswalia, jamvi la kuanikia nafaka, na ule wa kuuza ili sare na madaftari vipatikane.

Mwongozo huu ni wa anayesuka, na zaidi ni wa wanaoishi naye. Mkeka husukwa na mtu mmoja na kucheleweshwa na watu saba. Anayesoma ajitafute kwanza miongoni mwa hao saba, kisha afuate hatua moja baada ya nyingine.

Hatua ya kwanza: Tangaza

Mkeka usiotangazwa huonekana mapumziko. Mwanamke akiwa barazani na ukili wake, apitaye humwona amekaa, na aliyekaa hutumwa. "Mama, kwa kuwa umekaa..." ni maneno yaliyoharibu mikeka mingi kuliko panya na mchwa. Kwa hiyo kabla hujakata hata kuti moja, waite wa nyumbani baada ya chakula cha usiku, uwaambie bayana.

"Baba watoto, kesho naanza mkeka."

"Mwingine tena?"

"Ule wa mwaka jana si ndio huo umeukalia?"

Hapo mazungumzo yameanza vizuri. Usiombe radhi. Eleza mkeka ni wa nani, utauzwa au utabaki, na fedha yake inakwenda wapi. Fedha iliyokwisha kupewa kazi hulindwa na nyumba nzima: mtoto aliyeambiwa kwamba mkeka huu ndio sare yake ya shule hataukanyaga na matope. Kumbusha pia kwa nini nyumba inahitaji kipato cha pembeni. Mpunga wa delta hutegemea mto, na mto una maamuzi yake. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na watu walihama na walichoweza kubeba. Familia yenye shamba, wavu na ukili ina pa kushika hata viwili vikiponyoka.

Baada ya hapo pangeni zamu. Nani atapika mchana, nani atateka maji, nani atatwanga, nani ataitikia hodi. Tajeni majina, na majina ya wavulana yawemo. Zamu isiyo na jina la mtu ni zamu ya mama.

Jambo la mwisho kabla ya kulala: tazameni mwezi. Siku za bamvua maji hupwa sana, kila mwenye miguu yuko matopeni akitafuta kaa, na nyumba nzima inakwenda mbio. Mkeka ulioanzwa siku hizo utalala kwenye kona hadi usahaulike. Anza siku za maji mafu, wakati wavuvi nao wanakaa nyumbani wakitengeneza nyavu. Mwenye wavu wake na mwenye ukili wake wakikaa baraza moja, hakuna wa kumtuma mwenzake.

Hatua ya pili: Fuata ukindu, na mtu wa kubeba

Mkindu hustawi kwenye mabonde yenye unyevu na kingo za maji baridi. Anayeishi upande wa mikoko na maji ya chumvi huufuata kwa mtumbwi au huununua ukiwa umeshafungwa mafungu. Kinachotafutwa ni kuti changa, lile lililosimama wima katikati ya kilele kabla halijafunguka. Likifunguka na kukomaa huwa gumu, na ukilisuka linavunjika.

Kata kuti moja kwenye shina, liache shina liendelee kuchipua, sogea kwenye shina jingine. Mkindu huota kama kichaka, mashina mengi mahali pamoja, kwa hiyo anayekata kwa kiasi hurudi palepale mwaka baada ya mwaka. Anayefyeka kilele chote kwa sababu ana haraka amekata mkeka wa binti yake.

Hii si safari ya mtu mmoja. Majani ya chini kabisa ya kuti la mkindu yamegeuka miiba mirefu, migumu, yenye ncha ya kupenya soli ya kandambili. Anatakiwa mtu mwenye panga kali, viatu vya maana na mabega mapana. Yule shemeji aliyekuwa akiuliza chai ana vyote vitatu. Mwambie kwa heshima: "Shemeji, chai ipo, tena ina maandazi, na utaikuta ukirudi." Akirudi na mafungu mawili begani, miguu imechanwa hadi magotini, umepata mtetezi. Hatasema tena kwamba mkeka ni kazi ya kukaa kivulini.

Hatua ya tatu: Anika, chana, funga

Ukindu mbichi ni wa kijani na una maji. Hutandazwa juani siku kadhaa, ukigeuzwa, hadi ubadilike kuwa mweupe wa maziwa. Manyunyu ya kipupwe yakija ghafla, ukindu huingizwa ndani kabla ya nguo zilizofuliwa. Nguo iliyonyeshewa hukauka. Ukindu ulionyeshewa ukalala na unyevu hupata madoa ya ukungu, na doa hilo utalikuta tena mkeka ukiwa umetandikwa mbele ya wageni.

Weka mtoto mmoja awe mlinzi. Kazi yake ni kuangalia mawingu na mbuzi. Mpe fimbo, mpe kipande cha muhogo, mpe na mamlaka ya kupiga kelele. Watoto wa Mbwera wamelelewa kwenye kazi ya kufukuza ndege mashambani, na ulinzi wa ukindu wataufanya kwa moyo wote iwapo umewapa kwa jina la kazi.

Ukikauka, kila jani huchanwa kuwa nyuzi za upana mmoja. Wengine hutumia kisu kidogo, wengine sindano, na wazoefu hutumia ukucha wa kidole gumba. Upana ndio siri ya kazi yote. Uzi mmoja ukiwa mpana kuliko wenzake, ukili utapinda, na ukili uliopinda hauna dawa, hufumuliwa. Basi kazi ya kuchana usiifanye ukigombana na mtu. Maneno makali yaahirishwe hadi mafungu yote yamefungwa.

Hatua ya nne: Rangi ina sufuria yake

Sufuria ya rangi ni moja, inajulikana, na haijawahi kupikiwa wala haitapikiwa. Itobolewe sikio, ifungwe utepe mwekundu, itundikwe mbali na jiko. Sheria hii haina msamaha hata siku ambayo sufuria nyingine zote zimeazimwa kwenye harusi ya jirani. Siku hizo ndizo familia zinapokula wali wa zambarau.

Zamani rangi zilitoka porini. Mdaa ulitoa nyeusi, gome la mkandaa lilitoa nyekundu iliyokolea, manjano ya jikoni yalitoa rangi ya jina lake. Leo wengi hununua rangi za unga dukani, zinazotoa kijani, waridi na zambarau za kung'aa. Zote zina nafasi yake. Mwenye mkono wa rangi za asili na aendelee, kwa sababu mnunuzi anayezijua huziulizia. Lakini gome la mkandaa lina masharti. Delta yetu ina makumi ya maelfu ya hekta za mikoko, na pamoja na Mafia na Kilwa imo tangu 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu duniani. Mikoko hukatwa kwa kibali. Chukua gome la mti uliokwisha kukatwa kihalali kwa ajili ya boriti, na mti uliosimama uache na ngozi yake.

Maji yachemke, rangi ikolee, ukindu uzamishwe wote mpaka uive sawasawa, kisha ukaukie kivulini. Rangi ichemshwe siku moja kwa mkeka mzima. Ukirudia wiki ijayo kwa kuwa nyuzi zimepungua, nyekundu ya pili haitafanana na ya kwanza, na kila atakayelala juu ya mkeka huo ataonyesha kwa kidole mahali rangi ya pili ilipoanzia.

Hatua ya tano: Suka

Mtazame anayejua. Amekaa chini, miguu imenyooshwa mbele, mgongo umeegemea ukuta wa udongo. Pembeni mwa paja la kulia kuna fungu la nyuzi lililofungwa kwenye kitambaa kibichi, kwa sababu uzi mkavu hukatika kwenye kona. Nyuzi zinapishana: mmoja unapanda, mwenzake unazama, wa pembeni unakunjwa na kurudishwa ndani, na kidole gumba cha kushoto kinabana kila zamu isilegee. Uzi ukikaribia kwisha, mwingine unalazwa juu yake, zinasukwa pamoja hatua chache, na kijimkia kinaachwa upande wa chini kije kunyolewa kwa wembe mwishoni. Macho yake hayako kwenye ukili. Yako kwa mtoto anayetambaa kuelekea jikoni. Ukili unaendelea kutoka, ukijikunja mviringo ubavuni pake.

Ustadi huo haupatikani darasani. Msichana huanza na ukili mwembamba wa nyuzi chache, bibi yake huufumua, anaanza tena, bibi anafumua tena, mpaka siku bibi anapouchukua, anauvuta, anaukunja na kuuweka kwenye tita lake bila kusema neno. Hiyo ndiyo shahada. Wavulana nao wafundishwe. Mkono unaojua kusuka kamba ya mtumbwi na kutunga wavu hauwezi kushindwa na ukili, na mvulana aliyesuka hata pima mbili atakuwa mume anayejua kwamba mkeka haujiotei.

Sasa hesabu, kwa sababu watu hupenda kuuliza, "Kwani huo mkeka unachukua muda gani?" Ukili hupimwa kwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ambao ni mikono minne ya kipimo au takriban mita 1.8. Chukua mkeka wa kulalia wenye urefu wa pima moja na upana wa mita 1.2. Ukili wako ukiwa na upana wa sentimita 6, unahitaji mistari 20, yaani pima 20, yaani mita 36 za ukili, zote zimepita kwenye vidole viwili, uzi kwa uzi. Anayeuliza muda mpe mwanzo wa ukili ashike, umwambie atembee nao mpaka uishe. Atajibiwa akiwa kwa jirani wa tatu.

Pima ziwe za mtu mmoja. Mikono ya mama na mikono ya binti wa darasa la tano haifiki mahali pamoja, na mkeka uliopimwa na wote wawili utakuwa na pembe moja iliyokwenda safari.

Hatua ya sita: Watoto, kuku na wageni

Watoto wadogo hupenda ukili. Huufunga kiunoni ukawa mkia, huukokota ukawa boti ya kwenda bandari ya Nyamisati, huugawana vipande ukawa noti za dukani. Dawa ni kuwapa wao wa kwao. Yale mabaki ya nyuzi fupi yasitupwe: mtoto wa miaka minne anaweza kukunja panzi, wa miaka saba anaweza kusuka kipepeo kidogo cha kupepelea moto, na wa miaka kumi anaweza kuanza kawa la kufunikia chakula. Mtoto mwenye kazi yake haigusi yako.

Kuku hawana makubaliano nawe. Tita la ukili laini, lililojikunja mviringo kivulini, ni mahali pa kutagia palipoandaliwa na mtu mwenye akili, na tetea yeyote atakwambia hivyo. Tundika ukili juu kila unapoinuka, hata kama unainuka kwa kitambo cha kuonja chumvi.

Wageni ndio mtihani mkubwa. Kipupwe ni msimu wa harusi, unyago na kutembeleana, na mila yetu inasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mpokee, mtandikie, mpe wali mpya na samaki. Wahenga wakasema tena kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kuwa mavuno yamekwisha na jembe limepumzika, mpe ukili. Shangazi aliyekuja kutoka kijiji kingine cha delta, Jaja au Pombwe, ana mikono iliyosuka tangu hujazaliwa, na hakuna kinachomfurahisha shangazi kama kukuonyesha kwamba unabana vibaya. Keti karibu, mwamkie, mwambie, "Shikamoo shangazi, hebu niangalizie hapa pembeni." Atasema marahaba, atautazama, ataguna, atauchukua. Mpaka adhana ya alasiri atakuwa ameshakusogezea pima mbili, na habari zote za ukoo utakuwa umezipata.

Hii ndiyo njia bora kuliko zote. Mkeka unaosukwa na wanawake watano baraza moja huenda haraka kuliko mikeka mitano inayosukwa vyumbani na watu watano. Hakuna anayesinzia, hakuna anayekosea rangi bila kuonywa, na anayetaka kuwatuma inabidi awatume wote kwa mkupuo. Wachache wanao ujasiri huo.

Hatua ya saba: Shona

Kusuka kwaweza kukatizwa mara ishirini na ukili usidhurike. Kushona hakutaki hivyo. Siku ya kushona ni siku ya mtu kupikiwa, tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha usiku, na hili lisomwe kwa sauti mbele ya nyumba nzima.

Chombo ni shazia, sindano nene na ndefu ya kushonea magunia na mikeka. Uzi waweza kuwa wa ukindu wenyewe uliosokotwa mwembamba, au uzi wa nailoni uliobaki kwenye nyavu. Wako wanaokata ukili vipande vya urefu mmoja na kuviunganisha ubavu kwa ubavu. Wako wanaouzungusha ukili mzima bila kuukata, ukingo ukishonwa kwenye ukingo, mpaka upatikane mkeba mkubwa wa mkeka, ambao baadaye hupasuliwa ukalala bapa. Kwa njia yoyote, mshono wapaswa kupita ndani ya kingo za ukili ujifiche. Mkeka mzuri ukiutazama huoni uzi. Ukiupitishia kiganja huhisi mwinuko.

Wazee walikwenda mbali zaidi. Mkeka uliokunjwa na kushonwa ukawa mfuko waliuita fumba, na mtu aliingia ndani yake akalala, mbu wakabaki nje wakilalamika. Kabla chandarua hakijafika kila nyumba, mlinda shamba alijifunika kwa mshono wa mama yake. Anayejua mbu wa delta baada ya maji kupungua atapima mwenyewe thamani ya mshono usio na tundu. Walio na bibi anayekumbuka namna ya kushona fumba wasimwache kipupwe hiki bila kuketi naye na shazia. Godoro na chandarua vimeliondoa fumba kitandani, na hilo ni jema kwa afya. Lakini ufundi wake wa kufunga pembe bado unafaa kwenye mikoba na mifuko ambayo watu wananunua leo.

Hatua ya nane: Kingo

Mkeka huanza kufa pembeni. Nyayo za mlangoni, vidole vya watoto na meno ya panya vyote huanzia ukingoni. Kwa hiyo kingo hukunjwa na kushonwa mara mbili, na wengi huongeza utepe wa kitambaa unaozunguka mkeka mzima. Hapa ndipo kanga kuukuu inapopata maisha ya pili. Chana vipande vya upana wa vidole vitatu, viunganishe kwa cherehani kama ipo au kwa mkono, uchague rangi inayoitikia rangi ya ukili. Kanga ya harusi ya dada mkubwa, iliyochakaa katikati na kubaki imara kwenye pindo, hufaa sana.

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi kuna ndugu wanaoheshimu pembe kuliko sisi. Wasidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika ambao mababu zao walivushwa bahari hiyo, hushona mashuka mazito ya viraka vya nguo kuukuu yanayoitwa kawandi. Kazi yao huanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, na kila pembe hupambwa kwa vitambaa vilivyokunjwa vinavyoitwa phula. Kwao shuka lisilo na phula halijavaa nguo. Jifunze kwao: kagua pembe zako nne kabla hujamwonyesha mtu katikati.

Hatua ya tisa: Taja bei, usiishushe kwa aibu

Mkeka umekwisha. Umesuguliwa, mikia imenyolewa, umeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya ukili. Umepanda boti hadi Nyamisati, ukapanda gari hadi Kibiti, pengine hadi Ikwiriri au Mbagala. Anatokea mteja, anaukunjua, anaupapasa, anausifu, kisha anasema: "Mama, haya si majani tu ya porini? Nipunguzie nusu."

Jibu liwe fupi na la upole. Kuti limekatwa penye miiba. Limeanikwa, limechanwa, limechemshwa. Pima 20 zimesukwa uzi kwa uzi. Siku nzima imeshonwa. Nauli imelipwa mara mbili. Bei ndiyo hiyo, baba. Mkeka wa plastiki wa dukani ni rahisi, hufuliwa, una kazi yake, na hatuna ugomvi nao. Hauna ubaridi wa ukindu usiku wa kaskazi, na hauwezi kushonwa upya ukichanika.

Aibu ya kutaja bei hupungua watu wakiuza pamoja. Katika jimbo la Alabama, Marekani, kuna mahali panaitwa Gee's Bend, penye mto pande tatu. Wanawake Weusi wa pale, wazao wa watumwa wa mashamba ya pamba, walikuwa wakishona mablanketi ya viraka kwa nguo chakavu za kazi ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 1962, watu wa kijiji walipokuwa wakitafuta kujiandikisha kupiga kura, kivuko chao kilisimamishwa, na hakikurudi hadi 2006. Hawakuacha kushona. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wao, Freedom Quilting Bee, wakauza kwa pamoja. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalitundikwa kwenye ukuta wa Makumbusho ya Sanaa ya Houston, na 2006 Posta ya Marekani ikayaweka kwenye stempu. Yalikuwa mablanketi yaleyale ya kulalia watoto. Kilichobadilika ni macho ya mnunuzi, na wanawake waliokataa kuuza mmoja mmoja gizani walikuwa miongoni mwa walioyabadilisha.

Mbwera ina mikono, ina ukindu, na ina boti. Wanaosuka baraza moja wanaweza kuuza kwa fungu moja, kwa bei moja, na mwakilishi mmoja mwenye maneno makavu akatumwa sokoni kwa niaba ya wote.

Na wewe uliyeusoma mwongozo huu ukiwa huna nia ya kusuka hata unyuzi, kazi yako ni mbili. Nyumbani, mwenye ukili akikaa, usimtume. Sokoni, mwenye mkeka akitaja bei, lipa.